Asumini ya Nani

Fundi cherehani alikuwa na mazoea ya kuwatazama watu mabegani kabla ya kuwatazama usoni. Kazi ndiyo iliyomzoesha hivyo, maana bega likishaeleweka, nguo iliyobaki ni maelezo tu. Kwa hiyo hata siku alipoingia kibandani kwake mwalimu mstaafu wa jiografia, ameshika suruali ya kupunguzwa kiuno, Fundi aliona kwanza bega la kushoto lililoshuka kidogo kuliko la kulia, kwa sababu ya mkoba uliobebwa miaka na miaka. Uso aliuona baadaye, akaona nao haukuwa mbaya.

Suruali ikapunguzwa. Likafuata shati, ambalo halikuwa na kasoro yoyote, ikabidi Mwalimu alikate kifungo mwenyewe ili apate cha kuleta. Fundi alilijua hilo palepale. Uzi uliokatwa kwa wembe haufanani na uzi uliochakaa. Lakini alikishona kifungo kama kawaida, kisha akamrudishia shati na kumwambia, "Kingine kikikatika ulete."

Wote wawili walikuwa wameshazika wenzi wao, Fundi mume, Mwalimu mke. Watoto wao wote walikuwa watu wazima, wana nyumba zao na mambo yao. Walipooana hawakutaka kuishi kwa huyu wala kwa yule, pasije mtu akawa anamkaribisha mwenzake kila siku kama mgeni. Wakatafuta nyumba ambayo hakuna kati yao aliyewahi kulala ndani yake, wakaipata: vyumba vitatu, baraza fupi, na mbele, kati ya baraza na geti, uwanja mtupu uliojaa vipande vya matofali na chokaa iliyoganda, masalia yaliyoachwa na mafundi waashi. Cherehani ikawekwa chumba cha mbele, penye dirisha linalotazama uwanja huo.

"Hapa tupande maua," Mwalimu alisema asubuhi moja, ameshika kikombe, amesimama mlangoni. "Si bustani kubwa. Vichaka vitatu vinne tu vya maua, mtu akitoka aone kitu."

"Tupande," Fundi alisema. "Maua gani?"

Mwalimu alikunywa chai yake taratibu. "Tutaona," alisema.

Basi ikawa hivyo, tutaona. Siku zikapita, uwanja ukabaki vilevile. Ila jambo moja lilibadilika. Mwalimu alianza kutoka kila alasiri. Akiulizwa anakwenda wapi, husema anakwenda kunyoosha miguu. Anavaa viatu, anachukua kofia, hana haraka. Anarudi jua likiwa limeshapoa, uso umetulia kama mtu aliyekula akashiba.

Fundi hakuwa mtu wa kupekua. Lakini nguo anazozifua mwenyewe mtu hupekua apende asipende. Siku moja mfukoni mwa shati la Mwalimu, palepale kwenye mfuko wa kifuani, alikuta ua dogo limeshageuka rangi ya kahawia, limepondeka, na bado linanukia. Alilinusa. Asumini. Wiki iliyofuata akakuta jingine.

Hapo ndipo yule marehemu alipoanza kumjia kichwani.

Mke wa kwanza wa Mwalimu, Fundi alijua mambo mawili tu kumhusu: alikuwa msimamizi wa maktaba, na alikuwa akipenda kuimba akiwa anapika. Mwalimu hakuwa akimtaja sana, na alipomtaja alimtaja kwa sentensi fupi, kisha akahamia habari nyingine, kama mtu anayevuka barabara. Fundi hakuona wivu. Wivu aliufahamu, aliwahi kuwa nao ujanani na aliujua unavyouma. Hili lilikuwa jambo jingine, hamu ileile inayomfanya fundi ageuze nguo ya fundi mwenzake aone ndani imeshonwaje. Alikuwa mtu wa namna gani? Alicheka vipi? Na kama alipenda asumini, je, ndiyo sababu uwanja wao haujapandwa kitu mpaka leo? Labda Mwalimu alitaka kupanda asumini ya marehemu mbele ya nyumba ya mke mpya, akashindwa kuyatoa maneno mdomoni.

Kama hayo hayakutosha, akaja mteja kupima gauni, mama mmoja ambaye mdomo wake haukuwa na kifuniko.

"Fundi, shemeji yetu yuko salama?" aliuliza, mikono juu, utepe umemzunguka kifuani.

"Yuko salama. Kwa nini?"

"Hapana, nimeuliza tu. Jana nilimkuta kule barabara ya juu, kainama kwenye ukuta wa watu, kichwa kimeingia kwenye majani. Nikamwamkia mara mbili, hakusikia. Nikasema labda kadondosha kitu."

"Labda," Fundi alisema, akauvuta utepe kidogo zaidi ya ilivyohitajika, mama yule akaguna.

Kesho yake Mwalimu alipotoka, Fundi alifunika cherehani, akajitupia mtandio, akamfuata. Alijiona mjinga. Mtu mzima na mvi zake, anamwandama mumewe ukuta kwa ukuta kama mtoto anayecheza kombolela! Lakini miguu ilikuwa imeshakata shauri.

Mwalimu alipanda barabara ya juu, akapita duka la dawa, akapita kinyozi, akafika kwenye nyumba yenye geti la kijani. Juu ya ukuta wake mfupi kichaka cha asumini kilikuwa kimemwagika mpaka nje, cha kijani iliyokoza, kimetapakaa nukta nyeupe. Mwalimu alitazama kulia, akatazama kushoto. Akavua kofia. Kisha akaingiza uso wake wote ndani ya kile kichaka, akafumba macho, akatulia.

Fundi aliyaona yale mabega. Katika muda wote aliomjua hakuwahi kuyaona yamelala sawa hivyo, la kushoto na la kulia.

Alirudi nyumbani kabla yake. Alipomsikia anafungua geti, alikuwa ameshakaa kwenye cherehani, anashona.

"Umetembea mpaka wapi?"

"Aa, huku na huku," Mwalimu alisema.

Fundi aliangalia mikononi mwake akagundua kwamba mkono wa kushoto wa gauni la yule mama ameushona upande wa kulia. Akachukua wembe, akaanza kufumua.

Asubuhi iliyofuata alikwenda mwenyewe kwenye geti la kijani. Hakuwa na la kusema, alijiambia atalipata njiani, na njia ikaisha hajalipata. Lakini kabla hajabisha, geti lilifunguliwa na bibi mmoja mwembamba, amevaa kofia pana ya nyasi, ameshika mkasi mkubwa wa kupogolea. Alikuwa mkunga mstaafu. Mtaa ule nusu ya watu walikuwa wamepita mikononi mwake, na wengine bado aliwakaripia kama vile wamezaliwa jana.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye Fundi."

Fundi alishtuka. "Umenijuaje?"

"Umetazama bega langu kabla hujaniamkia. Mzee wako alinieleza hivyo. Anakutaja mpaka nimekuzoea. Ingia, nilikuwa nikikusubiri."

Walikaa kwenye benchi nyuma ya ule ukuta. Harufu ilikuwa nzito, tamu, ya kumfanya mtu avute pumzi mara mbili. Mkunga alimweleza bila kuzunguka. Mara ya kwanza alipomkuta Mwalimu ndani ya kichaka chake, alidhani ni mwizi mwenye haya. Tangu hapo Mwalimu, akishanusa, akawa anabisha hodi. Anauliza maswali. Asumini inataka jua kiasi gani? Inakua mpaka wapi? Ikipandwa chini ya dirisha, harufu inaingia ndani? Na ikiingia, inamsumbua mtu?

"Nikamwambia, ngoja nikukatie tawi ukapande, linashika upesi. Akakataa katakata. Akasema mpaka akuulize wewe kwanza."

"Mbona hajaniuliza?"

"Na mimi ndilo ninalomuuliza kila akija. Anasema, kesho." Mkunga alichuma jani lililokauka akalitupa. "Nikamuuliza, kwani huko ulikotoka hukuwa na maua? Akaniambia, nyumbani kwangu halikuwahi kuingia ua, hata moja. Sikumuuliza zaidi. Wanaojifungua huwa nawahimiza wasukume, lakini wazee wa kiume nimejifunza kuwaacha."

Fundi alicheka, lakini njia nzima ya kurudi nyumbani yale maneno yalikuwa yakimzunguka. Halikuwahi kuingia ua, hata moja. Sasa asumini ya mfukoni ilikuwa ya nani? Labda marehemu alikuwa mtu mkali, asiyetaka uchafu wa majani. Lakini mtu anayeimba jikoni anakuwa mkali wa namna hiyo? Au labda asumini ni ya mwanamke mwingine kabisa, wa zamani zaidi, kabla ya marehemu, na hapo hesabu ilimvurugika, akajikuta na wake wenza wawili wa mawazoni, wasio na miguu.

Jumamosi alimwambia Mwalimu, "Vaa viatu. Twende kitaluni tukachague hayo maua, nimechoka kutazama matofali."

Kitalu cha miche kilikuwa kando ya mfereji, kimefunikwa kwa neti nyeusi iliyokatakata jua vipande vipande. Muuza miche alikuwa mtu mnene mcheshi, mwenye udongo mpaka kwenye nyusi, na aliiongelea mimea yake kama ndugu walio kwenye chumba cha pili.

"Hii bogonvilia," alisema, "haina shida, haitaki maji mengi, haitaki kubembelezwa. Ila ina miiba. Ukigombana nayo, utashindwa."

Mwalimu aliitazama, mikono nyuma, kama msimamizi wa mtihani. "Nzuri," alisema, akapita.

"Hii oleanda. Maua ya rangi ya waridi haya, angalia yalivyojaa. Lakini ni sumu, kuanzia jani mpaka mzizi. Wajukuu wanakuja kwenu?"

"Wanakuja," Fundi alisema, "na wanatia kila kitu mdomoni."

"Basi hujaiona."

Wakaonyeshwa mawaridi, wakaonyeshwa kichaka cha maua ya manjano ambacho jina lake muuza miche mwenyewe alikuwa amelisahau na hakuona aibu. Na kila walipozunguka, walipita kwenye safu ya asumini, na kila walipopita, Mwalimu aliongeza mwendo na kutazama upande wa pili. Mara ya tatu, Fundi alisimama.

"Mwalimu."

"Naam."

"Hiyo asumini unaipita kama mtu mliyegombana naye."

Mwalimu alikohoa kidogo. "Ipi?"

"Hii hapa. Hii unayoingiza kichwa kila alasiri kwa watu." Alipiga moyo konde, akasema yote, upesi, kabla hajajizuia. "Kama ni yake, tuipande. Kweli kabisa. Mimi sina neno. Alikuwa mke wako, siwezi kumfukuza kwenye kichwa chako, na wala sitaki. Ila uniambie tu, nijue. Sipendi kuishi na kitu nisichokijua."

"Kama ni ya nani?"

"Ya marehemu!"

Mwalimu alimtazama. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, na Fundi alidhani analia, akajuta. Kumbe ni kicheko. Kilianzia mbali tumboni kikapanda, mpaka Mwalimu akatafuta ndoo iliyogeuzwa, akaikalia.

"Yake?" alisema, akifuta macho. "Yake! Mama yule angekuwa hapa sasa hivi, ungemsikia akipiga chafya kutoka barabarani!"

"Chafya?"

"Maua yote. Ua lolote. Macho yanavimba, pua inatiririka, anapiga chafya mpaka anashika ukuta. Mwaka niliopewa zawadi ya mwalimu bora, mwanafunzi mmoja akamletea shada, kwa heshima tu. Hakutaka kumvunja moyo mtoto wa watu, akalipokea, akalishika mapajani. Mkuu wa shule anahutubia, mke wangu machozi yanamtoka, leso imelowa chepechepe. Mkuu akadhani hotuba imemgusa. Akairefusha! Kila akimtazama anaona machozi, anaongeza."

Muuza miche, aliyekuwa anajifanya anamwagilia, alishindwa kuvumilia akacheka waziwazi. Fundi naye alicheka. Na katikati ya kicheko alimwona, kwa mara ya kwanza, yule mwanamke: amekaa safu ya mbele, pua nyekundu, anajikaza kwa ajili ya mtoto wa watu. Alimpenda palepale.

"Basi nyumbani hapakuingia ua," Mwalimu aliendelea, sasa kwa sauti ya chini. "Hata sabuni tulinunua isiyo na harufu. Na mimi nikipita kwenye nyumba zenye asumini nilikuwa nabana pumzi, nisije nikamletea kwenye nguo. Miaka yote hiyo. Sikuona shida, usidhani. Ilikuwa mazoea tu, kama kufunga mlango. Sasa mwaka huu, siku moja napita pale kwa Mkunga, nimebana pumzi, mara nikajiuliza, wewe mzee, unabana kwa ajili ya nani? Nikaachia. Nikavuta." Alitikisa kichwa. "Fundi, nilikuwa sijui. Kumbe watu walikuwa wananusa kitu kama hiki, bure, barabarani."

"Na mbona hukuniambia?"

Mwalimu alivua kofia akaigeuzageuza. "Kwanza niliogopa na wewe utapiga chafya."

"Na pili?"

Maji yalidondoka kutoka kwenye neti, tone, tone.

"Pili, niliona kama nikiipanda, nitakuwa nasema, haya, ameondoka, sasa nafasi imepatikana. Na si hivyo. Ningekuwa naye, ningebana pumzi mpaka leo, na nisingelalamika."

Fundi aliinama, akachuma ua moja la asumini, akalisogeza puani, akavuta pumzi ndefu, tena ndefu kweli, mpaka mbavu zikamwambia basi. Kisha akasubiri. Mwalimu naye akasubiri, amekodoa macho. Muuza miche akasimamisha kumwagilia.

"Haya," Fundi alisema. "Sijapiga."

Wakachukua asumini mbili.

"Na mama je?" muuza miche aliuliza, akifunga miche kwenye gunia. "Mzee ameshapata yake. Wewe unapenda ipi?"

Ni swali dogo, na Fundi alifungua mdomo kulijibu, akakuta hamna kitu. Watu aliwajua wote. Alijua nani akivaa bluu uso wake unaamka, nani akivaa manjano anaonekana mgonjwa. Lakini yeye mwenyewe alivaa kilichobaki kwenye majora. Na marehemu mume wake, Mungu amrehemu, alikuwa mtu mwema aliyepanda vitunguu mpaka kizingitini; ukimwambia habari za maua, anakuuliza, yanapikwaje?

"Sijui," alisema. Akasikia ajabu ya lile neno. "Ngoja nitazame."

Akatazama. Alipita safu moja baada ya nyingine bila haraka, akigusa majani kama anavyogusa vitambaa, huku Mwalimu akimfuata nyuma. Alipofika mwisho wa kitalu, chini ya meza ya mbao, aliona mche umejibanza peke yake, haumo kwenye mfuko, umetia mizizi kwenye udongo uliodondoka. Majani yake yalikuwa na meno pembeni na yaling'aa.

"Hii nini?"

"Hiyo haibiskasi. Lakini si ya kuuza, imejiotea tu. Mbegu ilidondoka nikaiacha."

"Itatoa ua la rangi gani?"

"Hakuna ajuaye, mama. Za matawi najua, tawi linamfuata mama yake. Lakini hii ya mbegu, mama yake labda ni ile nyekundu pale, na baba yake nyuki hawakuniambia. Yaweza kuwa nyekundu, nyeupe, waridi, chochote. Chukua hii ya manjano, hii nina uhakika nayo."

Fundi alichuchumaa. Alitazama ule mche, na ile hamu yake ya zamani ikamwamkia, ya kutaka kujua ndani kuna nini.

"Hii," alisema. "Nataka hii."

Kupanda kulichukua jasho. Kila Mwalimu alipopiga jembe, jembe lilipiga tofali. Walibishana kuhusu mahali, kidogo kwa furaha, mpaka Mkunga alipofika na mkasi wake bila kualikwa na kuwaamulia: asumini moja chini ya dirisha la cherehani, ya pili karibu na baraza, na yule asiyejulikana baba yake karibu na geti, penye jua. "Na msiimwagilie kila mnapoiona," aliwaonya. "Mnaizamisha."

Asumini zilitoa maua mapema, na harufu ikaanza kuingia chumba cha mbele na kukaa kwenye nguo, mpaka wateja wakawa wanauliza Fundi anapulizia nini. Haibiskasi ilikua tu. Ikarefuka, ikanenepa, haikusema kitu. Wateja wakaigeuza mchezo. Yule mama wa gauni alishikilia nyekundu, na kila akija anaikagua kama mwenye hisa. Mwalimu alisema nyeupe, akatoa na sababu, ndefu. Fundi akiulizwa alikataa kubahatisha. Asubuhi alianza kutoka nje kabla ya chai, anainua majani, anatazama.

Tumba la kwanza lilipotokea, lilikaa limefumba siku nyingi, kijani tupu. Hatimaye asubuhi moja lilikuwa limefunguka.

Halikuwa jekundu. Halikuwa jeupe. Lilikuwa na rangi ya chai iliyozidi maziwa, yenye kijivu kwa mbali, na katikati doa la zambarau iliyokoza kama wino uliomwagika. Petali moja ilikuwa imejikunja vibaya.

"Ee," alisema yule mama alipokuja kuchukua nguo yake. "Pole, Fundi. Si ungechukua ile ya manjano."

Fundi hakumsikia vizuri. Alikuwa ameleta vipande vya vitambaa, anavishikilia kimoja kimoja karibu na ua, anatafuta kinachofanana. Hapakuwa na hata kimoja. Maisha yake yote kwenye vitambaa, na hii rangi hakuwa na jina lake.

Alasiri alihamishia kigoda chake karibu na geti. Mwalimu hakwenda kunyoosha miguu siku ile. Alileta chai mbili, akakaa naye.

"Unaipenda?"

"Bado naitazama," Fundi alisema.

Walikunywa. Ua lilianza kujikunja taratibu, maana ua la haibiskasi ni la siku moja, na nyuma yake yalikuwa yamejipanga matumba mengine.

"Mwalimu," Fundi alisema, "alikuwa akiimba nini jikoni?"

Mwalimu aliweka kikombe chini. Safari hii hakuvuka barabara. Alifikiri kidogo, akasema marehemu alikuwa hajui maneno ya wimbo wowote mpaka mwisho, kwa hiyo alichanganya, mwanzo wa huu na katikati ya ule, na katikati hapo alitia majina ya vitu alivyokuwa anakatakata. Akaanza kumwonyesha, kwa sauti yake mbaya ya darasani, wimbo wa nyanya na bizari, na Fundi akavuta kigoda karibu apate kusikia.